Kidari cha moshi nyumbani: usiamini jicho, pima joto

Ukifungua simu siku hizi hukosi kukutana na video ya mtu wa Texas, Marekani, akikata pande la nyama jeusi kama mkaa huku ndani linachuruzika mafuta. Hicho ni kidari cha ng'ombe, nyama ya kifuani kati ya miguu ya mbele, iliyopikwa kwa moshi wa kuni kwa saa nyingi. Mapishi haya yana mizizi katika mabucha ya wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki waliofika Texas ya kati katika karne ya 19, kwenye miji kama Lockhart. Mwaka 2015 mpishi wa nyama za moshi wa mjini Austin, Aaron Franklin, alipata tuzo ya James Beard, mojawapo ya tuzo kubwa za wapishi nchini humo.

Kidari tunacho hata sisi buchani, ila kwa ugumu wake wengi hukimalizia kwenye supu. Ukiwa na jiko la mkaa lenye mfuniko unaweza kujaribu nyumbani. Lakini mzazi, kabla hujawasha moto, kuna jambo la kuelewa.

Kwetu moshi ni njia ya kuhifadhi. Sato na sangara wa Ziwa Victoria hukaushwa kwa moshi wakasafirishwa mbali bila friji, kwa sababu maji yameondolewa ndani yao. Kidari cha Texas hakikaushwi. Kinabaki na majimaji, kwa hiyo huharibika kama nyama yoyote ya kuchemsha. Harufu ya moshi isikufanye ukiache mezani hadi kesho.

Hata rangi hudanganya. Weusi wa nje hauna maana kwamba ndani kumeiva. Na ule mstari wa waridi chini ya ngozi ya nyama hauna maana kwamba ni mbichi. Unatokana na gesi za moshi zinazokutana na rangi asilia ya nyama. Kinachosema kweli ni kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano. Kama huna, anza kwa kununua hicho kabla ya nyama.

Nyama na moto

Kwa mara ya kwanza chukua kilo 2 hadi 3, mwambie muuza bucha asiondoe mafuta yote ya juu. Iliyoganda iyeyushe kwenye friji hadi katikati, si juu ya meza. Paka chumvi na pilipili manga, basi. Chumvi iwe ya kiasi: Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na watoto wapate pungufu ya hapo.

Sogeza mkaa upande mmoja wa jiko, nyama iwe upande mwingine, na weka bakuli la chuma lenye maji karibu na mkaa. Juu ya mkaa ongeza vipande vya kuni kavu za mwembe au mpera. Usitumie mbao zilizopakwa rangi wala zilizotiwa dawa ya mchwa, maana sumu yake hupanda na moshi hadi kwenye chakula. Moshi mzuri ni mwembamba. Ukiwa mzito na mweupe, fungua matundu ya hewa.

Joto ndani ya jiko libaki nyuzijoto 110 hadi 120. Usiruhusu moto uzime katikati ya safari. Vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzijoto 4 na 60, na nyama inayokaa vuguvugu kwa saa nyingi ndiyo inayopeleka familia hospitali.

Kazi hii ifanyike nje. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Usipikie barazani palipofungwa, jikoni au gereji, na usiingize ndani jiko lenye makaa yanayofifia hata mvua ikinyesha. Watoto wawekewe mpaka wasiuvuke. Bati la jiko linaunguza muda mrefu baada ya moto kufifia.

Joto likigoma kupanda

Choma sindano katikati ya sehemu nene. Ikifika kama nyuzijoto 65 hadi 75, utaona namba imeganda, pengine kwa saa 2 au 3. Hakijaharibika kitu. Maji yanayotoka juu ya nyama yanaipoza, kama jasho linavyopoza mwili. Usiongeze moto kwa hasira. Funga nyama kwenye karatasi ya alumini, irudishe jikoni.

Nyama ya kipande kizima haina hatari tangu ilipopita nyuzijoto 63, lakini kidari hapo bado ni kigumu kama kiatu. Nyuzi zinazokifanya kigumu huyeyuka polepole, hivyo kiondoe kikifika nyuzijoto 93 hadi 96 na sindano ikizama kama kwenye siagi. Kipande cha kilo 2 na nusu kinaweza kuchukua saa 6 hadi 8. Anza alfajiri, na wape watoto chakula kingine mchana. Kipumzishe kikiwa kimefungwa kama saa moja, kisha kate ukikatiza nyuzi za nyama; kwa mtoto mdogo, vipande vidogo kabisa.

Mabaki

Hapa ndipo wengi huumia. Kuna bakteria, Clostridium perfringens, ambaye mbegu zake huvumilia kupikwa, kisha huamka kwenye pande kubwa la nyama linalopoa taratibu. Matokeo yake ni tumbo kusokota na kuharisha, na kwa mtoto mdogo au mzee upungufu wa maji ni hatari. Kata kilichobaki vipande, vipange kwenye vyombo vya kina kifupi, weka friji ndani ya saa 2, au saa 1 joto la siku likizidi nyuzijoto 32. Kula ndani ya siku 3 au 4, na upashe hadi nyuzijoto 74.

Je, kila wikendi?

Hapana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2015 liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na moshi wenyewe huacha kemikali zisizofaa juu ya nyama. Mfuko wa Utafiti wa Saratani Duniani unashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 zilizopikwa kwa wiki kwa mtu mmoja. Kiwe chakula cha sikukuu, ndugu wakija, kigawanywe kwa wengi. Sahani ijae kachumbari, mboga za majani na ndizi au ugali, na kidari kiwe vipande viwili vitatu pembeni.