FAINI BILA RISITI NI UPORAJI

Kijana mwenzangu, hebu niambie: ni lini ulikamatwa na mgambo, ukafikishwa mbele ya hakimu, ukasomewa shitaka, ukahukumiwa, ukalipa faini na kupewa risiti yenye jina lako? Fikiri vizuri. Kama jibu ni "sijawahi", na huku fedha zimekutoka mfukoni mara tano, basi ndugu yangu wewe hujatozwa faini. Umeporwa!

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Nilipomaliza kidato cha nne, kabla sijashika kalamu, nilitembeza soksi na vitana mjini. Siku moja gari la halmashauri fulani (siitaji, inajijua) likatushukia. Boksi langu likarushwa juu ya gari pamoja na mabeseni ya machungwa ya akina mama. Mzigo ule ulikuwa wa shilingi 35,000, nusu yake fedha ya shemeji.

Nilipoufuata yadi nikaambiwa: "Faini ni elfu hamsini, ila ukiwa na ishirini tunamalizana." Nikauliza risiti. Wakacheka. Nikasema basi nipelekeni mahakamani. Wakacheka zaidi. Jioni nikarudi na 20,000 za kuazima, nikakabidhiwa boksi lenye vitana vitupu. Soksi zilikwisha "hukumiwa" na kugawanywa.

Sasa tuitazame sheria, maana wanapenda sana kutufokea kwamba hatujui sheria. Halmashauri hutunga sheria ndogo kwa nguvu ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Wananchi watangaziwe watoe pingamizi, madiwani wapitishe, Waziri aridhie, itangazwe katika Gazeti la Serikali. Lakini kutunga ni kazi moja na kuhukumu ni nyingine. Katiba, Ibara ya 107A, inasema mwenye kauli ya mwisho katika kutoa haki ni Mahakama. Ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Mgambo si hakimu, na rungu si hati ya hukumu!

Njia ya mkato iliyo halali ipo, inaitwa kufifilisha kosa. Wewe mwenyewe unakiri kwa maandishi, unalipa kiasi kisichozidi kilichowekwa, unapewa stakabadhi, shauri limekwisha. Usipokiri, njia ni moja tu: mahakamani. Na ukihukumiwa ukashindwa kulipa, ni hakimu tena anayeamua upewe muda, mali ikamatwe, au uende jela. Hakuna mahali mlalahoi anapoambiwa alipe kwa soksi zake.

Tena kuna ujinga wa hesabu hapa. Ukimnyang'anya mtu boksi, umemnyang'anya kile ambacho kingelipa hiyo faini. Kesho anakopa, keshokutwa anarudi barabarani palepale kutafuta fedha ya kulipa deni, na gari linamkuta palepale.

Wala msidhani ni ugonjwa wa kwetu peke yetu. Mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, Marekani, wakati huo ulikuwa na watu wapatao 21,000. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ya Machi 2015 iliwaumbua: bajeti ya mwaka wa fedha 2015 ilitegemea faini na ada zilete dola milioni 3.09 kati ya milioni 13.26. Hata nyasi ndefu uani zilikuwa kosa. Mama mmoja aliyeegesha gari vibaya mwaka 2007 alitozwa dola 151 na ada juu yake, akakaa mahabusu siku sita, akalipa jumla ya dola 550, na Desemba 2014 bado akadaiwa 541! Mji ukigeuza faini kuwa shamba, basi wananchi ndio mazao.

Waheshimiwa watasema: "Mji lazima uwe safi na wapita njia wapite." Kweli kabisa. Mimi pia sipendi kupishana na daladala kwa sababu njia ya miguu imejaa viatu. Lakini mwaka 2018 tuliambiwa tulipe 20,000 tupate kitambulisho, hatutabughudhiwa. Mwaka 2021 vibanda vikavunjwa. Mtu afuate lipi? Na kama shabaha ni usafi, mbona ukitoa kitu kidogo uchafu unaruhusiwa kubaki palepale?

Kwa hiyo, msomaji, gari likija usikimbilie katikati ya barabara. Vijana wamegongwa kwa ajili ya dazeni ya leso. Simama. Uliza mambo matatu: kitambulisho cha anayekukamata, sheria ndogo uliyovunja, na namba ya malipo ya Serikali ili ulipe kwa risiti. Mzigo ukichukuliwa, andika orodha mbele ya shahidi. Hawataki? Sema kwa sauti: "Nipelekeni mahakamani." Watu wasikie.

Na diwani akija mtaani kwako muulize swali moja tu: mwaka jana halmashauri ilikusanya faini kiasi gani, na risiti ziko wapi? Akianza kukohoa, utakuwa umeshajua soksi zangu zilikwenda wapi.