Mwimbaji Hubadilishwa, Jasho Lake Je?

Mwanzoni mwa mwaka 2011 Eldrine, bendi ya muziki wa metali kutoka Georgia, ilishinda mchujo wa nchi yake na kupata nafasi ya kushiriki Shindano la Nyimbo la Ulaya, Eurovision, lililofanyika Düsseldorf, Ujerumani. Kabla ya safari bendi ikabadilisha mwimbaji. Aliyeimba kwenye mchujo akaachwa, na Sopho Toroshelidze akashika kipaza sauti. Mwezi Mei wimbo uleule, kwa magitaa yaleyale lakini kwa sauti nyingine, ulishika nafasi ya 9 katika fainali. Swali la kujiuliza ni hili: ushindi wa mchujo ulikuwa mali ya nani? Ya bendi, ya mtunzi, au ya yule aliyeimba hadi wapiga kura wakaridhika?

Swali hilo si geni Dar es Salaam. Hapa jijini, tangu enzi za muziki wa dansi, bendi zimekuwa zikibadilisha waimbaji kama timu za mpira zinavyobadilisha washambuliaji, na mashabiki wa Kariakoo na Ilala wamekuwa wakiufuatilia uhamisho huo kwa hamu ileile wanayofuatilia ule wa Simba na Yanga. Katika makala hii ninajenga hoja kwamba kosa letu halikuwa kuwabadilisha waimbaji. Kosa letu lilikuwa, na bado ni, kuwaacha waondoke mikono mitupu.

Tuanze na historia. Mwaka 1977 Marijani Rajab, mzaliwa wa Kariakoo ambaye tayari alikuwa na jina kutokana na Safari Trippers, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Dar International. Mwaka uliofuata wenzake wengi, akiwemo mwimbaji Cosmas Chidumule na mpiga gitaa Abel Balthazar, walihamia bendi mpya iliyokuwa chini ya shirika la umma la usafiri na teksi. Bendi hiyo ndiyo Mlimani Park Orchestra, ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, na ambayo mashabiki wanaiita Sikinde. Ilijengwa pia kwa wanamuziki waliotoka Juwata Jazz, akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwa na bendi hiyo tangu ilipoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA. Marijani alibaki, akatafuta wanamuziki wengine, na Dar International ikaendelea kupiga.

Miaka michache baadaye zamu ya kunyang'anywa ikaifikia Sikinde. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliwavuta wanamuziki wake kadhaa, Gurumo na Balthazar wakiwemo, wakaunda International Orchestra Safari Sound, iliyojulikana kama Ndekule. Sikinde haikufa. Juwata nayo, ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, haikufa ilipoondokewa na magwiji wake, wala haikufa alipofariki TX Moshi William mwaka 2006. Hassani Bitchuka na Shaaban Dede nao wameimba Msondo na Sikinde kwa nyakati tofauti, na kila mara pengo lao lilizibwa.

Wapo watakaosema kwamba historia hiyo inathibitisha kuwa mwimbaji si lolote, bendi ndiyo kila kitu. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Wimbo wa dansi ni kazi ya wengi: mmoja analeta maneno na sauti, wengine wanatafuta njia ya magitaa, wengine wanapanga tarumbeta na saksafoni. Bendi isiyoweza kuishi bila mtu mmoja haijawa taasisi. Aidha, uhuru wa kuhama ndio uliokuwa silaha pekee ya mwanamuziki. Aliyelipwa mshahara mdogo alikwenda palipo na mkubwa zaidi, na hakuna mtu mwenye haki ya kumlaumu. Sisi wahadhiri tunahama vyuo kwa sababu hizohizo na hatuitwi wasaliti.

Hata hivyo, tutazame mwimbaji alihama na nini. Vyombo vilikuwa mali ya shirika au ya tajiri. Jina la bendi lilikuwa la mwenye bendi. Kanda za nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania zilibaki kwenye maktaba ya redio. Alichoondoka nacho ni koo lake na mshahara wa mwezi ule. Nyuma yake wimbo uliendelea kupigwa ukumbini kwa sauti ya mrithi wake, na redioni kwa sauti yake mwenyewe, na kote kuwili hapakuwa na aliyemkumbuka siku ya malipo.

Mfano wa Marijani unauma zaidi kwa kuwa ulitokea Kariakoo, mbele ya macho yetu. Huyu ndiye aliyeitwa Jabali la Muziki, mtunzi wa Zuwena, wimbo unaojulikana hata kwa vijana waliozaliwa baada ya kifo chake. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akiuza kanda katika kibanda karibu na nyumbani kwake. Alifariki mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 40. Desemba 2012 Rais Jakaya Kikwete alimtunuku nishani. Nishani ni heshima, na sibezi heshima. Lakini ilifika miaka 17 baada ya mwenyewe kuzikwa, na nishani hailipi kodi ya nyumba.

Itasemwa kwamba hayo yamepita, kwani tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na tuna COSOTA. Ni kweli, na neno hakishiriki lina uzito wake: sheria inamtambua mwimbaji kwa kuimba kwake, hata kama hakutunga. Lakini haki bila kumbukumbu ni jina tupu. Mtangazaji akipiga wimbo wa zamani hutaja bendi na kuishia hapo. Nani aliimba, nani aliitikia, nani alipiga solo? Majibu yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Na kizazi kipya hakijapona. Harmonize alipotoka WCB Wasafi mwaka 2019, na Rayvanny mwaka 2022, mjadala mitaani ulihusu nani kamkosea nani. Ni wachache waliouliza kuhusu nyimbo zilizobaki nyuma: zinaingiza mapato kwa nani, kwa muda gani, na kwa mkataba ambao msanii aliusaini akiwa na nguvu gani ya kujadiliana? Wao ni nyota na wanaweza kuajiri mawakili. Kijana asiyejulikana anayerekodi kwenye studio ya chumba kimoja Gerezani au Buguruni anasaini anachopewa, akishukuru kwamba amepewa.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, TBC, mrithi wa maktaba ya Radio Tanzania, iandike majina ya wote walioshiriki katika kila kanda, wakati bado wapo wanaokumbuka. Pili, mirabaha ya kanda hizo igawiwe kwa majina hayo na kwa warithi wao. Tatu, kila mkataba kati ya msanii na bendi au lebo uwe na kifungu cha kuachana kinachosema wazi nini kinabaki, nini kinaondoka, na mgawo wa kila upande.

Mabadiliko ya waimbaji hayatakwisha, na hayana sababu ya kwisha. Lakini mwimbaji mpya anapopanda jukwaani na kuimba wimbo alioukuta, yupo mtu aliyeufikisha wimbo huo hapo. Mtu huyo ana haki ya kulipwa akiwa hai.