Damu ya Utafiti Isipotunzwa, Majibu Hupotoka

Ndugu zangu wa Pwani, utafiti wa tiba si mgeni kwetu. Kituo cha KEMRI-Wellcome Trust kipo Kilifi tangu 1989, na chanjo ya malaria ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023, ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi na wa Bagamoyo. Huku Machakos ninakoishi, watu huuliza damu ikishatolewa hupelekwa wapi. Mimi naona swali zito zaidi ni hili: inafika ikiwa katika hali gani?

Kingamwili zilizomo kwenye maji ya damu huvumilia baridi vizuri. Kazi ipo kwenye chembe hai za kinga. Hizo hutenganishwa na damu, hutiwa dawa ya kuzilinda, hupozwa polepole, takriban nyuzi 1 kwa dakika, kisha huwekwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Anayejua samaki ataelewa. Changu aliyegandishwa ovyo akiyeyuka hutoa maji na nyama hulegea, kwa sababu barafu imempasua kwa ndani. Chembe nazo ni vivyo hivyo. Nyutrofili, askari wa mstari wa mbele, nyingi hufa. Nyingine hubaki hai lakini zimechoka. Zikikutanishwa na ugonjwa unaopimwa, hujibu kwa unyonge.

Hapo ndipo penye hatari. Tuchukulie mtafiti amepima chembe za Kilifi zikiwa mbichi, maabara ikiwa jirani, na za Machakos baada ya kusafiri kilomita 60 na ushei hadi Nairobi na kugandishwa. Atasema watu wa Machakos kinga yao ni dhaifu, kumbe udhaifu ni wa safari na friza. Chanjo nzuri inaweza kuhukumiwa bure.

Dawa yake inajulikana. Damu ishughulikiwe ndani ya saa chache, sampuli zote zipitie njia moja, chembe zilizobaki hai zihesabiwe baada ya kuyeyushwa, na hesabu hiyo itangazwe pamoja na matokeo.

Rai yangu ni kwamba kaunti inapokaribisha utafiti, idai pia vifaa vya kutenganisha na kugandisha chembe papo hapo, na umeme wa akiba. Mzazi naye, kabla ya kutia sahihi, aulize damu ya mwanawe itahifadhiwa wapi, vipi, na kwa muda gani. Mtoto akishavumilia sindano, damu yake isipotee bure njiani.