Futi 2,000 Hazimlindi Mtoto

Hakuna jinai inayoitia jamii uchungu kuliko ile ya mtu mzima kumnajisi mtoto. Mkosaji wa namna hiyo anastahili kushitakiwa, kuhukumiwa na kufungwa, na juu ya jambo hilo hakuna ubishi. Ubishi upo juu ya jambo lingine: serikali ifanye nini na mtu huyo siku anapotoka gerezani akiwa amekwishatumikia kifungo chake?

Huko Marekani majimbo mengi na miji mingi ilijibu swali hilo kwa kamba ya kupimia ardhi. Mwaka 2002 jimbo la Iowa lilitunga sheria ya kuwakataza watu waliopatikana na hatia ya makosa ya kujamiiana dhidi ya watoto wasiishi ndani ya futi 2,000, yaani kama mita 600, kutoka shule au mahali pa kulelea watoto wadogo. Mwaka 2005 wilaya ya Miami-Dade katika Florida ikaweka futi 2,500. Mwaka 2006 Georgia ikaweka futi 1,000, lakini ikaongeza makanisa, mabwawa ya kuogelea na hata vituo vya basi la shule. Mwaka huohuo wapiga kura wa California, kama 70 katika kila 100, walikubali futi 2,000 kutoka shule yoyote na bustani yoyote ya umma.

Kwa mtu anayeyasikia hayo kwa mara ya kwanza, sheria hizo zaonekana kuwa ni za busara tupu. Nani apendaye mkosaji wa aina hiyo awe jirani wa shule? Lakini achukue ramani ya mji wowote mkubwa, aizungushie kila shule na kila bustani duara la mita 600, kisha atazame kinachobaki. Katika wilaya ya San Diego mahakama iliambiwa, na ikakubali, kwamba zaidi ya nyumba 97 katika kila 100 za kupangisha zilikuwa zimeingia ndani ya maduara hayo. Katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts, amri ya mji ilifunga kama nyumba 95 katika kila 100. Huko Miami makumi ya watu waliofunguliwa walipiga kambi chini ya daraja la barabara ya Julia Tuttle, wakalala hapo kwa miaka mpaka kambi ilipovunjwa mwaka 2010. Huko San Diego wengine walilala katika uchochoro nyuma ya ofisi ileile ya maofisa waliopewa kazi ya kuwasimamia, na wengine kandokando ya mto.

Yafaa wanaozitetea sheria hizo waulizwe swali moja tu: je, mtoto wa San Diego alipata usalama gani kwa mtu huyo kulala uchochoroni? Mtu mwenye nyumba, kazi na ndugu wa kumtazama anajulikana alipo. Ofisa anaweza kumbishia hodi usiku wa manane. Mtu asiye na anwani hana mlango wa kubishiwa. Tena sharti lenyewe lilihusu mahali pa kulala. Halikumzuia mtu huyo kupita mbele ya shule mchana kutwa. Kwa hiyo lilimtoa nyumbani saa ambazo watoto nao wamelala makwao, likamwacha huru saa ambazo wako njiani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya mwaka 2000, iliyochunguza makosa yaliyofikishwa polisi, ilionyesha kwamba wageni wasiojulikana na mtoto walikuwa kama 7 tu katika kila 100 ya waliowadhulumu watoto. Waliosalia walikuwa baba, wajomba, ndugu, majirani na marafiki wa familia. Mtu wa namna hiyo hahitaji kupanga nyumba karibu na shule ili amfikie mtoto, amekwishakaribishwa sebuleni. Mwaka 2007 idara ya magereza ya Minnesota ilichambua visa 224 vya watu waliofunguliwa kati ya 1990 na 2002 kisha wakarudia makosa hayo. Haikuona hata kisa kimoja ambacho sharti la makazi lingeweza kukizuia.

Watetezi husema kwamba watu hawa karibu wote hurudia. Hoja hii ina historia ya kusikitisha. Mwaka 2002, katika shauri moja mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, ilitajwa hesabu ya kwamba wasiotibiwa hurudia kwa kiasi cha 80 katika kila 100. Hesabu hiyo ilipofuatiliwa ilikutwa imeanzia kwenye makala ya gazeti la kawaida ya mwaka 1986, bila utafiti wowote wa kuithibitisha. Ilhali Wizara ya Sheria ilipowafuatilia wanaume 9,691 waliofunguliwa mwaka 1994 katika majimbo 15, waliokamatwa tena kwa kosa la namna hiyo katika miaka mitatu walikuwa asilimia 5.3. Ni kweli kwamba makosa mengi hayafiki polisi, na kila mtoto mmoja aliyedhulumiwa ni mmoja mno. Lakini huo si udhuru wa kutunga sheria juu ya hesabu isiyo na mzazi.

Haishangazi basi kwamba sheria hizo zilifikishwa mahakamani, na nyingi zikaanguka. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Georgia ilisema kwamba serikali haiwezi kumtoa mtu katika nyumba aliyoinunua kihalali kila mara jirani anapofungua mahali pa kulelea watoto. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya California ilitamka kwamba sharti hilo, kwa jinsi lilivyotumika San Diego kwa waliofunguliwa chini ya uangalizi, lilizuia kazi ya kuwasimamia na kuwarekebisha, na halikuwa na uhusiano wa kiakili na lengo la kuwalinda watoto. Mwaka huohuo mahakama ya juu ya Massachusetts ilifuta amri ya Lynn. Mwaka 2016 mahakama ya rufani ya shirikisho, katika shauri la Michigan, ilisema kwamba masharti ya namna hiyo ni adhabu, na adhabu haiwezi kurudishwa nyuma kumkuta mtu aliyekosa kabla haijatungwa.

Ni kweli kwamba mahakama hazikuwa na kauli moja. Mwaka 2005 mahakama nyingine ya rufani ya shirikisho iliiacha sheria ya Iowa isimame. Lakini kilichokubaliwa pale kilikuwa uwezo wa wabunge kuchagua. Mahakama haikusema kwamba wamechagua vema. Mwaka 2006 chama cha waendesha mashitaka wa wilaya za Iowa, watu wanaoishi kwa kuwatia hatiani wakosaji, kilitangaza kwamba sheria ile haileti ulinzi uliokusudiwa, na kwamba wahusika wanatoa anwani za uongo au wanatoweka kabisa. Mwaka 2009 bunge la jimbo hilo likapunguza sheria yake lenyewe, futi 2,000 zikabakizwa kwa wenye makosa mazito.

Kwa nini basi sheria hizo zaendelea kupendwa? Kwa sababu hazimgharimu mwanasiasa kitu, na humpatia kura. Kamba ya futi 2,000 hainunuliwi kwa fedha ya bajeti. Lakini kuajiri maofisa wa kutosha wa uangalizi, kuwatibu wanaotibika, kumpima kila mtu kwa hatari yake mwenyewe na kumwekea sharti linalomhusu, kama mahakama ya California ilivyoacha nafasi, hayo yanataka fedha na subira. Hali kadhalika kumfundisha mwalimu kutambua mtoto aliyenyamaza ghafula darasani, na kumpa pa kupeleka habari hiyo bila kuogopa jina la ukoo.

Mabunge yaliyobaki na sheria hizo hayapaswi kungoja kuburutwa mahakamani moja baada ya jingine. Yazifute yenyewe, na nguvu iliyotumika kupima umbali wa nyumba kutoka shuleni ipelekwe nyumbani, ambako watoto wengi hudhulumiwa na ambako kamba ya kupimia haijawahi kufika.