Siyo kila kitu UTI, washkaji

Siku nyingi sijaandika, testi zilinibana. Leo nina dukuduku.

Hapa UDOM kila mtu ana UTI. Mkojo ukichoma, UTI. Kiuno kikiuma, UTI. Unashuka duka la dawa, unatoa elfu chache za bumu, unapewa vidonge, maisha yanaendelea. Mshikaji wangu wa chumbani alifanya hivyohivyo alipoona damu kwenye mkojo. Damu ikakata. Wiki tatu baadaye ikarudi, ndipo tukamburuza hospitali. Mkojo ukawekwa kwenye hadubini: mayai ya kichocho. Jamaa kakulia Shinyanga, utoto wote kwenye majaruba ya mpunga na malambo. Kapewa prazikwanteli, sasa yuko fiti.

Ila akanipasulia: baba yake naye anakojoa damu, mwaka wa pili huu. Haumwi popote, kwa hiyo anasema "ni kichocho tu, huku kila mtu anacho."

Hiyo "tu" ndiyo inaniuma, jamani. Minyoo ya kichocho hiki hukaa kwenye mishipa ya damu jirani na kibofu, mayai yananasa kwenye ukuta wake, unabaki na vidonda na makovu miaka nenda rudi. Saratani inaweza kuanzia hapo. Tangu 1994 shirika la WHO la utafiti wa saratani limemweka mnyoo huyu kwenye orodha ya visababishi. Sigara nayo imo: sumu yake huchujwa na figo, kisha inakaa kibofuni mpaka ukojoe. Na mzee anavuta!

Damu isiyouma ndiyo ya kuogopa. Uvimbe wa kibofu au figo unaweza kutoa damu leo, kesho ukanyamaza, mtu akadhani kapona. Ukiwahiwa ungali juujuu ndani ya kibofu, madaktari huukwangua kwa kifaa chenye kamera kinachopitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo.

Msimamo wangu: ukiona damu, pima kwanza, dawa baadaye. Kina dada, msiseme ni siku zenu tu zimevurugika. Na kwa mtu mzima kama mzee huyu, kupima mkojo pekee hakutoshi, kibofu chenyewe kiangaliwe.

Jana usiku tulimpigia simu. Akaguna, akasema atakuja baada ya mavuno. Mshikaji akamwambia, "Baba, mpunga utavunwa hata na jirani." Kimya. Halafu: "Haya, tumeni nauli."

Tunachanga bumu. Nawe piga nyumbani uulize. Ni swali la aibu, najua, ila uliza.

Nawakilisha.