TUKUTUKU ISILE AKIBA YETU YA UZEE

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Siku hizi hakuna mkutano wa tawi unaokwisha bila mtu kusimama na kuulizia habari za tukutuku. Tumeulizwa Mbarara na watu wa kiwandani, tumeulizwa Isingiro na wakata ndizi, na huku Juru, ndani ya makazi ya Nakivale, tunaulizwa njiani. Wanaouliza si vijana. Kijana anataka bodaboda. Wanaoulizia magurudumu matatu ni watu wazima wa miaka arobaini na mitano, hamsini, ambao mgongo umechoka na kubeba na ambao msimamizi ameanza kuwatazama kwa jicho la kuwahesabia siku. Wanasema: tuchukue pesa yetu, tununue mashine, tuage kazi ya mshahara.

Sisi tunaowaandikia ni wa umri huohuo, na swali hili ni letu pia. Msimamo wetu tunautaja mapema: mashine ni nzuri, tena inamfaa mtu mzima. Ubaya uko katika njia tunayoshawishiwa kuinunulia. Tusiinunue kwa akiba ya uzee, tusiinunue mtu mmoja mmoja kwa mkopo, wala tusiinunue ili mwajiri apate kutuondoa katika daftari la wafanyakazi.

MASHINE YENYEWE

Chombo hiki kilizaliwa katika shida. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Italia ilikuwa imebomoka na watu hawakuwa na uwezo wa kununua lori. Mwaka 1948 kampuni ya Piaggio ikatoa pikipiki yenye magurudumu matatu na sanduku la mizigo, ikaiita Ape, yaani nyuki, mdudu mfanyakazi. Baadaye Wahindi wa kampuni ya Bajaj walitengeneza zao, nyingi mno, hata wenzetu wa Tanzania wakaiita bajaji kila ya abiria. Ile ya mizigo, ambayo huko huitwa guta na huku tukutuku, nyingi zinatoka China.

Kwa mtu wa Juru faida yake haihitaji hotuba. Gunia la mahindi au la maharagwe likibebwa kwa baiskeli hadi sokoni, mtu hushinda njiani. Lori haliji kuchukua magunia matano ya mtu mmoja, na likija, mwenye lori ndiye anayepanga bei. Tukutuku inabeba ndizi, madumu ya maji, matofali, mkaa, na hata mgonjwa siku ya dhiki. Tena haihitaji kusawazishwa kwa miguu, kwa hiyo mwenye goti bovu anaweza kuiendesha.

Hata hivyo, mtu mzima aliyezoea pikipiki asidhani anaijua. Pikipiki hulala kwenye kona, tukutuku hailali. Ukiingia kona kwa mwendo wa pikipiki, gurudumu la ndani linanyanyuka na mzigo wote unakuja juu yako. Punguza mwendo kabla ya kona, usingoje mpaka uwe ndani yake. Mzigo mzito uwe chini na usogee mbele kidogo. Ukijaza nyuma kabisa, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, nawe kwenye mlima unageuza usukani lakini chombo hakigeuki. Na katika barabara zetu za udongo, magari yamechimba njia mbili na kuacha tuta katikati. Gurudumu lako la mbele litapita juu ya tuta na ya nyuma yatapita ndani ya mashimo, kwa hiyo hakuna shimo utakalolikwepa kirahisi. Nenda polepole, kaza nati kila jioni, tazama oili kila asubuhi.

Kuna jambo jingine linalowahusu ndugu zetu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Huko tulizoea kupita mkono wa kulia. Uganda hupita mkono wa kushoto. Mtu aliyejifunza kuendesha Bukavu au Bujumbura akiwa na miaka ishirini, siku anaposhtuka, mkono wake humpeleka upande wa ujana wake. Afanye mazoezi hadi mkono usahau, achukue kibali cha udereva cha chombo hicho, na asiingie kwenye lami ya Isingiro kwenda Mbarara bila bima.

PESA INATOKA WAPI

Sasa tuje penye moto. Mwaka 2022 sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ilibadilishwa. Mwanachama aliyefikisha miaka 45, na aliyechangia miaka 10 au zaidi, anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kufika miaka 55. Wafanyakazi walipigania jambo hili, na hatumlaumu mtu aliyechukua pesa yake kumtibu mtoto au kuezeka nyumba. Lakini tangu hapo kumezuka watu wa maneno matamu mlangoni mwa viwanda. Wanasema: una miaka 45, una haki yako, njoo uchukue mashine leo, utalipa kidogo kidogo.

Tufanye hesabu kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Tuseme mwenzetu anapata shilingi 300,000 kwa mwezi. Yeye anakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza asilimia 10, jumla ni shilingi 45,000 kila mwezi. Kwa miaka 10 ni shilingi 5,400,000, bila kuhesabu faida ambayo Mfuko unaongeza. Asilimia 20 yake ni shilingi 1,080,000. Tuseme tukutuku ni shilingi milioni 9. Haki yake yote haijanunua hata sehemu ya saba ya mashine! Zinabaki shilingi 7,920,000, nazo ni za mkopo.

Tuseme mkopeshaji ni mpole, anataka asilimia 2 kila mwezi juu ya mkopo wote kwa miezi 24. Riba peke yake ni shilingi 3,801,600. Kila mwezi mwenzetu atapeleka shilingi 488,400. Angalieni vizuri: deni la mwezi limepita mshahara aliouacha. Akifanya kazi siku 26, kila siku shilingi 18,800 hivi ni za mkopeshaji, kabla ya petroli, kabla ya tairi, kabla ya fundi, kabla ya unga wa watoto. Na mvua ikinyesha wiki nzima barabara ikawa uji, mkopeshaji hanyeshewi.

Ndugu mmoja wa hapa Juru, mtu wa miaka arobaini na saba, mchapa kazi asiyekunywa hata pombe, alinunua kwa njia hiyo. Mwezi wa tano mashine ililala kwa fundi wiki tatu ikingoja kipuri. Mwezi wa saba ilichukuliwa. Alikuwa ameshalipa zaidi ya nusu ya bei yake, akabaki na funguo mfukoni. Akarudi shambani kwa kibarua cha siku, chini ya msimamizi yuleyule, kwa ujira mdogo kuliko wa zamani. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwake yeye hata harusi haikuwepo.

MSHIRIKA AU KIBARUA?

Kuna ujanja wa pili, nao ni mbaya zaidi kwa sababu unatuhusu wote. Baadhi ya waajiri wamegundua kwamba mfanyakazi mwenye tukutuku ni rahisi kuliko mfanyakazi mwenye mkataba. Wanamwita ofisini, wanampa mkono, wanamwambia: "Mzee, wewe sasa si mfanyakazi, ni mshirika wetu. Utabeba mzigo wetu, tutakulipa kwa safari." Naye anatoka ofisini kifua mbele.

Tuulize mshirika huyu amepata nini. Asilimia 10 ya mwajiri katika NSSF imekatika. Kwa mshahara wetu wa mfano ni shilingi 30,000 kila mwezi zilizorudi katika mfuko wa tajiri. Likizo imekwisha, na siku ya ugonjwa hakuna malipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia kazini, lakini mshirika akipinduka na mzigo wa kiwanda ataambiwa ni biashara yake. Petroli ni yake, tairi ni lake, hatari ni yake. Kilichobaki kwa mwajiri ni faida. Shamba ni lilelile, mzigo ni uleule, na saa ya kufika ni ileile.

Katika nchi hii kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada wa kima kipya mwaka 2019, Rais hakuutia sahihi. Basi mfanyakazi asiye na kima cha kumkinga ana nini? Ana mkataba na ana chama. Anayekubali kuitwa mshirika anavitupa vyote viwili siku moja, na wenzake wanaobaki kiwandani wanapungua nguvu mezani.

TUNAPENDEKEZA NINI

Hatukuja kuwakataza tu. Mtu mzima anahitaji njia ya kupumzisha mgongo, na tunaiona hivi.

Kwanza, mnunue kwa kikundi. Watu kumi wanaojuana, wa tawi moja au kijiji kimoja, kila mmoja akiweka shilingi 30,000 kwa mwezi, wanapata shilingi 300,000. Baada ya miezi 30 wana milioni 9 taslimu, hawadaiwi na mtu. Ambao ujira wao ni mdogo, na mashambani ndio wengi, wawe kumi na watano na waweke shilingi 20,000 kila mmoja. Mtasema miezi 30 ni mingi. Mkopo nao ni miezi 24. Tofauti ni kwamba mashine ikiugua katikati, anayelipa taslimu anangoja kipuri na anayedaiwa anangoja dalali. Pesa ziwekwe katika chama cha akiba na mikopo chenye daftari linalosomwa mbele ya wote, si chini ya godoro la mwenyekiti.

Pili, wasiache kazi wote. Wawili waendeshe kwa zamu, wanane wabaki kazini na NSSF yao ikiendelea. Mapato yagawanywe mafungu matatu: la waendeshaji, la wanachama, na la matengenezo. Fungu la matengenezo lisiguswe hata kwa msiba. Msiba uchangiwe kwa mikono, kama desturi yetu.

Tatu, anayeendesha asitoke katika umoja. Madereva wa Uganda walikuwa na chama chao mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati wa mkoloni, na karibu na zetu hizi ATGWU, chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, kimewakaribisha hata waendesha bodaboda. Mwenye tukutuku ni mfanyakazi. Na aliyeajiri kijana wa kumwendeshea naye ni mwajiri. Asimfanyie kijana yale aliyoyalalamikia kiwandani.

Nne, ndugu zetu wakimbizi wasikubali kuambiwa kwamba mambo haya si yao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi, ya kutembea nchini, na ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Na tangu yale mabadiliko ya 2022, kila mwajiri anatakiwa kuchangia NSSF, hata akiwa na wafanyakazi watatu tu. Zamani waliokuwa chini ya watano waliachwa nje. Anayesema "wewe ni mtu wa Nakivale, huna haki" anataka kukulipa nusu. Na akikulipa nusu wewe, kesho atamlipa nusu Mganda aliye jirani yako. Kwa hiyo jambo hili ni la Mganda vilevile.

Tano, mwajiri akitaka mzigo wake ubebwe na kikundi, aandike mkataba: bei ya safari, malipo ya kusubiri, nani analipa petroli ikipanda, nani anatibu aliyeumia. Mtu mmoja mmoja hawezi kudai karatasi hiyo. Kikundi kinaweza, na kikundi kilicho ndani ya chama kinaweza zaidi.

Makazi haya ya Nakivale yana umri wa zaidi ya miaka sitini. Wapo wazee humu waliofika wakiwa watoto na leo wana wajukuu, na msaada wa chakula waliouzoea umepunguzwa mara nyingi. Wao wanajua kuliko sisi sote kwamba mtu haishi kwa ahadi za mlangoni. Uzee unakuja kwa kila mmoja, aliye na hati na asiye nayo, wa kiwandani na wa shambani. Hiyo akiba ndogo ya NSSF ni mlo wa siku ambayo mikono haitaweza tena kushika usukani wala panga. Mkopeshaji asiishike. Mashine tuinunue kwa vidole kumi, na akiba ya uzee ibaki mahali pake.

Matawi yote yaliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao. Njooni na kalamu na hesabu zenu.

Umoja wa wafanyakazi udumu!