Kwanza Hesabuni Watu wa Kampene



Mpango wa teritware 145, ulioanza mwaka 2022, unataja shule, vituo vya afya na ofisi za serikali, na Pangi yetu imo. Vema. Lakini tunauliza: nani alipita nyumba kwa nyumba kujua watu wamekosa nini?

Zamani kampani ya Cobelmin, kisha Sominki tangu 1976, zilimhesabu mtu aliyeandikwa katika kitabu cha kazi. Huyo ndiye aliyepewa nyumba kambini. Mjane na mchuuzi je? Bei ya bati ilianguka 1985, Sominki ikavunjwa 1997. Kitabu kikafungwa, watu wakabaki.

Leo wengi wetu tunachimba kwa mikono, bila jina katika kitabu cho chote. Mwenye kupima mji kwa paa za mabati hatatuona. Apime kwa ndoo! Mama anakwenda mwendo gani kufuata maji? Mgonjwa yupi amelala nyumbani kwa kukosa franga za dawa? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya raia, ndipo mahali pa kisima na pa barabara pachaguliwe.